Dada Yetu, Mwalimu wa Muda

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, na ninyi nyote mlioacha kazi zenu kuja kutushika mkono, familia inaomba mtusikilize kidogo, tuwaeleze alikotoka dada yetu na alikopita mpaka kufika hapa alipolala.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1978, katika zahanati iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa marehemu baba yetu, fundi cherehani, na mama yetu ambaye yupo mbele yenu. Alikuwa mtoto mkimya lakini mwenye macho, kwani akiona mwenzake hana cha kuandikia, aliikata kalamu yake ya risasi katikati kwa mkasi wa baba, wakaandika wote wawili kwa vipande.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, akamaliza mwaka 1991, akaendelea na sekondari, kisha chuo kikuu, ambako alipata shahada ya kwanza tarehe 17 Novemba 2001, baba akiwa ameshona sare za nusu ya mtaa ili ada isipungue. Aliajiriwa kufundisha baiolojia katika shule ya sekondari, kazi ya kudumu yenye mshahara wa kila mwezi, lakini kiu ya elimu haikumwacha, akaiacha kazi hiyo mwaka 2007, akasoma uzamili, akaunganisha na uzamivu, akichunguza kuvu wanaoharibu mahindi ghalani, na tarehe 22 Novemba 2013 akatunukiwa shahada ya juu kuliko zote. Siku hiyo tulikodi basi zima, vigelegele vikaanzia getini, na mjomba akapanda juu ya kiti akatangaza kwamba kuanzia leo ukoo una profesa wake. Marehemu alimvuta shati, akamnong'oneza kwamba uprofesa ni cheo kingine na bado kiko mbali, mjomba akamjibu kwamba aliyefika kizingitini ameshaingia nyumbani, watu wakacheka, na jina likashika.

Alifunga ndoa tarehe 12 Agosti 2006 na shemeji yetu, fundi umeme, wakajaliwa watoto wawili, binti mwaka 2008 na kijana mwaka 2011.

Februari 2014 alianza kufundisha chuo kikuu akiwa mwalimu wa muda, na hapa tunaomba tusimame kidogo, maana wengi wetu hatukujua maana yake. Mwalimu wa muda hulipwa kwa saa alizosimama darasani, mkataba wake hufa muhula ukiisha, likizo ikifika hana kitu, na malipo ya muhula mmoja yanaweza kumkuta yuko katikati ya mwingine. Ofisi pia hana, hivyo marehemu alisahihishia mitihani katika kibanda cha mlinzi wa lango la nyuma, ambaye alimwachia kiti chenye mgongo, mwenyewe akakalia ndoo. Aliomba ajira ya kudumu kila ilipotangazwa, akaitwa kwenye usaili, akaambiwa mara nafasi zimesitishwa, mara umri umepita, na alipojaribu kurudi sekondari akaambiwa elimu yake imezidi kazi yenyewe. Jioni alichapa na kujalidi tasnifu za watu wengine katika duka la kurudufu karibu na chuo, na wanafunzi wake waliomkuta pale walimwamkia mwalimu kwa heshima ile ile, wala hakuna aliyemtangaza.

Nyumbani hakusema, kwa aibu. Mwaka 2016 mama alikwenda chuoni kumtembelea bila taarifa, marehemu akamkimbilia mhadhiri mwenzake, na yule bwana akatoka ofisini kwake bila kuuliza swali, akawaachia meza, pazia la kijani na birika la chai. Mama aliporudi aliisifu ofisi ile kwa kila aliyepita barazani, na sifa hizo zikawa mzigo, kwani tangu hapo kila kamati ya harusi na kila kikao cha ukoo kilimpangia mchango wa profesa. Alipotoa nusu tulisema ana mkono wa birika, wengine tukalisema hilo akiwa jikoni anatuoshea vyombo, na shemeji tukamtania kwamba anakula kwa mkewe, naye akacheka pamoja nasi, kumbe miaka yote hiyo nyumba ilisimama kwa nyaya alizovuta yeye kwenye dari za watu. Alinyamaza kwa sababu mkewe alimwomba anyamaze.

Januari 2024 alianza kuvimba miguu, akachelewa kwenda hospitali kwa kuwa mwalimu wa muda hana bima, na tarehe 6 Aprili alilazwa, figo zikiwa zimechoka. Kaka zake walikwenda chuoni kudai mwajiri amtibu mtu wake, karani akawakaribisha viti, akawaeleza kwa upole kwamba muhula umekwisha na mkataba nao umekwisha, wakarudi kutueleza sote. Marehemu aliposikia kwamba tumejua, aligeukia ukutani. Mama akapanda pale pale kitandani, akamfumua nywele, akaanza kumsuka, na huku akisuka akamwambia kwamba ile ofisi alijua siku ile ile kuwa si yake, chini ya meza kulikuwa na viatu vya mwanamume, ila alimwona mwanawe anahangaika kumfurahisha, naye akaona kumsifu ndiyo kumsitiri. Marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja kuuliza kuna nini, kisha akalia, na kwa wiki zilizobaki alizungumza nasi mambo yote, mpaka alipotutoka alfajiri ya tarehe 3 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, majirani waliopika na kukaa na watoto usiku, mlinzi wa lango la nyuma, mwenye duka la kurudufu, mhadhiri mwenye pazia la kijani, na wanafunzi waliomlindia heshima yake wakati sisi, ndugu zake, tukiichezea.

Mwisho, kibao cha kaburi kilikuwa kimeandikwa Profesa. Asubuhi hii mama amemwomba mjomba akifute, na mjomba mwenyewe ameshika brashi, akaandika Mwalimu. Rangi haijakauka, hivyo tunawaomba watakaoweka maua wasikiegemee.

Dada yetu, hudaiwi mchango wowote. Pumzika, mwalimu, kwa amani tuliyochelewa kukupa.