Lori la Maziwa Lililokataa Kuchaji

Mgeni rasmi, Mkurugenzi Risper Aketch wa Shirika la Malisho Mema, chifu wetu, walimu, na nyote mliovumilia vumbi hadi hapa Ijara: assalamu alaikum, na kwa wasioitikia hivyo, hamjambo.

KARIBU

Tumefurahi kukuona, na hatukufichi kwamba tumeogopa pia. Tumesikia umekuja kuamua kama lori mlilotuazima lirudishwe Garissa likauzwe kama vyuma chakavu. Kwa hiyo risala hii ni ya lori tu. Habari za choo cha soko tutakuletea siku nyingine.

TULIKOTOKA

Zamani maziwa ya ngamia yalitoka maboma ya mbali kwa punda, na jua likayawahi kabla ya wanunuzi. Lori lilikuwa kuukuu siku mliyotuazima, lakini tulilipokea kwa mikono miwili, tukaliita Ayeyo, kama tunavyowaita nyanya zetu. Usukani tulimkabidhi mwenzetu Bilan.

MAFANIKIO

Maziwa ya asubuhi sasa hunywewa Garissa siku hiyo hiyo. Rukiyo, mjane aliyezoea kumwaga nusu ya maziwa yake, anasomesha binti zake sekondari. Yuko pale nyuma, anaona haya kutajwa.

CHANGAMOTO

Kisha Ayeyo akaanza kulala njiani. Betri iliisha nguvu, tukaweka mpya, nayo ikaisha. Bilan alikaza mkanda wa feni na kusugua vichwa vya betri. Dainamo ilipelekwa kwa fundi Garissa, ikarudi na sifa kwamba haina ubaya wowote. Taa nyekundu ya dashibodi, ile inayoonya kwamba betri haichaji, iliendelea kumkodolea Bilan macho. Wako waliosema gari limerogwa, na wako waliosema dereva ndiye mkosi. Bilan aliacha kuja kunywa chai nasi, na hilo lilituuma sana.

Ndipo Mwalimu Morris, anayefundisha umeme chuo cha ufundi, alipokuja wakafungua boneti pamoja. Walifuata nyaya, mmoja baada ya mwingine, hadi kwenye kisanduku cha chuma kinachotawala umeme unaoingia kwenye betri.

"Hii kisanduku imekalia nini?" Mwalimu akauliza.

"Ngozi ya ngamia," Bilan akasema. "Ilikuwa inapiga kelele sana, mwalimu. Nikaifunga vile tunafunga vyombo ya maziwa juu ya ngamia, isigongane."

"Na skrubu zake?"

"Hizo nilitoa. Kamba ya ngozi inashika vizuri kuliko skrubu, walahi."

Kumbe kisanduku kile lazima kigusane na bodi ya gari, chuma kwa chuma. Kikitengwa, umeme hukosa njia ya kurudi, na betri haipati kitu hata dainamo ikiwa nzima. Injini ikinguruma, Bilan alichukua kipande cha waya, ncha moja akaigusisha kisanduku, nyingine bodi mahali alipokwangua rangi. Taa ikazimika. Mwalimu alicheka hadi akakaa chini. Bilan alilia, na sisi tuliokuwa tukichungulia tukalia naye.

Alituomba tusitaje habari ya ngozi mbele yako. Tumeitaja ili ujue kwamba Ayeyo hakushindwa na uzee. Alibembelezwa kupita kiasi. Ngozi tumeitoa, skrubu zimerudi, na tangu Ramadhani hajalala njiani tena. Bilan naye amerudi kwenye chai, na maneno yake yamekuwa mengi kuliko mwanzo.

MAOMBI

Tunaomba Bilan apate nafasi ya kujifunza umeme wa magari kwa Mwalimu Morris, ambaye amekubali, maana Ayeyo ana mengine ndani ambayo hatujayajua.

La pili ni hili. Tumeona umekuja na dereva wa ziada, kijana anayeitwa Kim. Hatujauliza ameletwa kufanya nini, kwa kuwa tunajua. Tumempakulia wali na nyama sawa na wewe mwenyewe. Akishiba, tunakuomba arudi Garissa alivyokuja, ameketi ndani ya gari lako.

Mola akufikishe kwa watu wako ukiwa mzima, anyeshee malisho mvua na kuiepusha na barabara yako.

Ni sisi, Akina Mama Wauza Maziwa ya Ngamia, Ijara.
Imesomwa na katibu, Sahara Dagane.