Mkeka wa Bi Zakiya Ni wa Ardhi Gani?

Benchi letu liko Sib, Oman, nje ya mkahawa wa Mmalabari, ila kahawa tunakuja nayo wenyewe, maana ya Mmalabari ni maji ya moto yaliyoonyeshwa buni kwa mbali. Alhamisi hiyo ya mwaka 2004 tulikuwa wanne: Harub, mzaliwa wa Wete, Pemba, ambaye tunamwita Mzee Kofia; Sammy Fyuzi, fundi umeme wa Kisumu; Yassin Rubani, mtu wa Tanga anayeendesha lori la maji na kuapa kwamba hata ndege angerusha; na mimi, niliyekuja kupumzika nikakuta kesi. Mke wa Harub, Bi Zakiya, alikuwa amepokelewa katika kikundi cha wenyeji wanaofinyanga, kufuma na kusuka kwa vitu vya ardhini. Jioni ile walikuwa na maonyesho, na desturi yao ni kwamba kila msanii husimama kando ya kazi yake, akaitaja mbele ya watu ardhi iliyompa malighafi. Asiyeitaja, kazi yake inarudi nyumbani.

HARUB: Ukindu nimemuagizia Pemba mie mwenyewe. Haukutosha, akamalizia kwa majani ya mtende wa hapa. Sasa mkeka mmoja, mikanda ya ukili mingine ya kule, mingine ya huku. Ataje ardhi gani?

YASSIN: Rahisi, bwana! Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huo ukindu una miezi Oman. Khalas, ni mwenyeji.

SAMMY: Wewe nawe! Mimi niko na miaka hapa na bado kafili, mdhamini wangu, ndiye ananiwekea sahihi. Aseme Pemba tu. Mkono mtupu haulambwi.

— Mkono mtupu umeingiaje hapo? nikauliza.

SAMMY: Umeingia tu.

HARUB: Akisema Pemba watamwona mgeni. Akisema Sib, wasusi wenziwe wataujua ukindu si wa hapa. Nyie mnacheka, lakini miaka yote hii anasuka uani peke yake. Leo ndo kapata wenziwe. Nna khofu wasije wakamtoa.

 

YASSIN: Basi afumue ukili wa Pemba wote.

HARUB: Utabaki mkeka wa kulalia paka.

SAMMY: Si mlete gunia la mchanga wa Pemba, mmwage ukumbini, mtandike mkeka juu yake? Atakuwa amesimama Pemba akiwa Sib.

YASSIN: Mzigo wa ndege huo, mwachie rubani. Mimi nasema upandwe mkindu hapa uani, tungoje.

HARUB: Ngoja mpaka ukue, mie nshakufa!

YASSIN: Subira yavuta heri, mzee.

Nilitaka kumrushia kokwa ya tende. Watu wazima, na alasiri imeshaadhiniwa.

HARUB: Basi nshaamua. Nitasimama kando yake, niseme mie. Nitasema Oman, nchi ya mababu zetu. Nani atabisha?

Tukaafiki wote, na mimi nikiwemo. Yassin akapiga makofi kabisa.

Ndipo akapita Pelagia, dada wa Bukoba anayefanya kazi kwenye nyumba moja Azaiba, ambaye siku zake za mapumziko humsaidia Bi Zakiya kushona ukili. Alikuwa anaelekea ukumbini.

— Shikamoo, baba, akamwamkia Harub.

— Marahaba, mwanangu. Njoo usikie, tumeshapata jawabu la mkeka.

Akasimuliwa. Kahawa akaikataa.

— Na mama mwenyewe anataka kuitaja ardhi gani?

Yassin akamtazama Sammy. Sammy akafunua birika, akachungulia ndani. Mimi, niliyekuwa nikiwakasirikia wenzangu, nikaona haya.

— Uwanja wa ndege walituuliza kwenu wapi, akasema Harub polepole. Nilijibu mie. Majirani walipouliza, nilijibu mie. Hata mashangazi zangu.

— Na yeye angejibu nini, baba?

Harub aliiweka finjani chini.

— Sijui, mwanangu. Wallahi sijapata kumuuliza.