Wakili Aliyetaka Kumsikia Mama Mwenyewe

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Wakili Immaculate Mkawasi anastaafu baada ya kufanya kazi miaka thelathini na minne hapa Voi, kwanza kama wakili, baadaye kama notari pia. Alizaliwa Werugha, kwenye baridi ya milima ya Taita, na hadi leo huja ofisini na sweta, hata jua liwake vipi.

Kazi ya notari ni rahisi kueleza. Mtu anatia saini hati, notari anashuhudia, kisha anapiga muhuri kuthibitisha kwamba aliyetia saini ndiye mwenyewe. Kwa hivyo Wakili alitaka kitambulisho chenyewe, si nakala wala picha kwenye simu, na saini itiwe mbele ya macho yake. Bwana Fuad wa duka la vifaa vya ujenzi aliwahi kuleta hati aliyotia saini nyumbani ili kuokoa muda. Alirudishwa kuchapisha nyingine. Siku hizi anacheka akisimulia. Siku hiyo hakucheka.

Alikuwa pia na utaratibu ulioudhi wengi. Huku kwetu mzazi mkongwe akiingia ofisini, watoto humsemea. Ni heshima: yeye anakaa, wao wanajibu. Wakili aliwatoa watoto nje, wote, hata aliyekuwa padre. Ndiyo maana mjini ameitwa mkorofi, tena mwanamke asiye na adabu. Nimeyasikia maneno hayo tangu nianze kupokea wageni hapa Januari, na kila mara nimenyamaza. Leo sinyamazi.

Mwezi wa Machi kijana mmoja, Titus, alikuja kutoka Kishushe na mama aliyesema ni mamake, Mama Jedidah, ili shamba la mama huyo liuzwe kwa watu wanaotafuta madini. Kitambulisho kilikuwa halali. Picha ilifanana na yule mama. Niliwapa viti, nikampenda mtoto anayemshika mamake mkono hivyo.

"Mama haskii vizuri," Titus alisema. "Niulize mimi."

"Nitapaza sauti," Wakili alimjibu. "Wewe ngoja nje."

"Unamhoji mamangu kama mwizi? Kwani wewe huna mama?"

"Ninaye. Na siku akija kutia saini hapa, mimi ndiye nitatoka."

Titus alitoka akibamiza mlango. Mimi niliitwa ndani nikae kama shahidi. Wakili aliuliza kwa upole shamba linapakana na nani upande wa juu. Mama aliangalia mlango. Mama akaanza kulia.

"Mimi ni mdogo wake Jedidah," alisema. "Dada hajui niko hapa. Titus aliniambia ni kuweka kidole tu."

Wakili alimpigia chifu simu. Mama Jedidah alipatikana nyumbani kwake akikamua mbuzi. Muhuri ungepigwa, angefukuzwa kwenye shamba alikozikwa mumewe, na hati zingesema amekubali mwenyewe.

Titus hakuomba msamaha. Alisimama kwenye ngazi akapiga kelele, "Wenzako hawaulizi maswali!" Alidhani anamtukana. Mimi hasira hazijaniisha, kwa sababu sijui kama alidanganya kuhusu mawakili wengine. Na wale waliomwita Wakili mkorofi, sijasikia hata mmoja akimwita Titus jina baya. Wanasema ni kijana mchangamfu, anatoa vizuri kwenye harambee.

Kamati ya sherehe iliniomba niandike wasifu wa kufurahisha, nisitaje jina la Titus kwa kuwa huenda akahudhuria. Nimelitaja. Akija, alisome.

Wakili Immaculate, asante kwa niaba ya ofisi yote. Asante kwa kukubali kuchukiwa kwa ajili ya watu ambao hawakuwamo chumbani. Mama Jedidah alilala nyumbani kwake jana, na atalala nyumbani kwake leo. Nenda upumzike, na Mungu akujalie miaka mingi yenye afya.