Fundi Aliyeikagua Ndege Hii

Kompyuta: Haloo! Nani mwenzangu? Namba siijui hii.

Fundi: Ni mimi, kaka wa mkeo. Nimeazima simu ya mlinzi, maana yangu unaikata tangu asubuhi.

Kompyuta: Aa, shemeji! Shikamoo—

Fundi: Shikamoo yako kaa nayo! Wewe mtu wa kompyuta, kwenye skrini za viti vya ndege umeweka nini?

Kompyuta: Zipi tena? Mtandao unakata-kata...

Fundi: Haukati! Abiria wote wameshuka. Milango ilishafungwa, bibi mmoja akabonyeza pale "Maana ya maneno ya safari", akawasomea wenzake: "Injini: kitu kinachofungwa kwa spana na kuachiwa dua."

Kompyuta: [anacheka kidogo]

Fundi: Cheka tu! "Mtikisiko wa hewa: wakati wa kukumbuka sala ulizoacha." "Rubani msaidizi: mtu wa kuitikia 'sawa mkuu' mpaka watue." Si utani wangu huo? Wa sebuleni kwako, tukinywa chai?

Kompyuta: Hata ya kompyuta nimeweka. "Seva: anayesingiziwa na kila aliyelala kazini." Ile ulitupatia kweli—

Fundi: Wewe!

Kompyuta: Basi nisikilize. Maneno ya ofisi yalichelewa. Sisi tukijaribu skrini tunajaza maneno yoyote tu, tuone kama yanaenea. Yakija ya kweli, tunafuta.

Fundi: Na hukufuta.

Kompyuta: Nilipitiwa.

Fundi: Ulipitiwa! Na lile la chini? "Kwa hisani ya fundi aliyeikagua ndege hii." Nalo la kujaribia?

Kompyuta: Hapo... nilikuwa nakusifia.

Fundi: Yule bibi kanikuta kwenye ngazi. Kanishika mkono: "Mwanangu, ni kweli mnaachia dua?" Mimi! Nisiyeshuka kwenye bawa mpaka nirudie kila skrubu! Nilikosa pa kuweka uso wangu.

Kompyuta: Pole, shemeji.

Fundi: Pole nitaipeleka wapi? Bosi kanipokonya muhuri. Bila muhuri siwezi kuidhinisha hata tairi. Niko nje ya mlango wake sasa hivi. Mpigie, mwambie ni wewe uliyeweka.

Kompyuta: [mkwaruzo] ...siwezi...

Fundi: Huwezi nini? Sema juu!

Kompyuta: Ameshanipigia.

Fundi: Ukamwambiaje?

Kompyuta: Haloo? Mtandao tena...

Fundi: Nakuuliza wewe!

Kompyuta: Kwamba... ni wewe uliyeniletea. Kwamba ulisema yameshapitishwa.

Fundi: Lahaula!

Kompyuta: Mimi bado niko kwenye majaribio, shemeji! Wewe mkongwe pale, wataku— hawatakufukuza. Halafu dada yako na hali yake ile, mimba yenyewe changa—

Fundi: Usijifiche nyuma ya tumbo la dada yangu! Nimekulisha, nimekuombea hiyo kazi kwa mdomo wangu huu, leo unanitosa mchana kweupe?

Kompyuta: Tuliza hasira kwanza, tuongee kifami—

Fundi: Sitaki! [mkwaruzo] Mlango unafunguliwa. Naingia, na nasema yote.

Kompyuta: Shemeji, nakupigia magoti. Wakinifukuza, nitamwambia nini mke wangu?

Fundi: Mwambie ulichomwambia bosi. Hivyo hivyo, neno kwa neno. — Naam, mkuu, nakuja! — Mlinzi, shika simu yako.