Breki za Mzee

Kwenye treni, mzee mmoja alikuwa ameikumbatia baiskeli yake ya milimani utadhani mjukuu. Dada aliyekaa mkabala naye, fundi wa baiskeli, aliuona mnyororo unavyong'aa, mdomo ukamwasha. “Unaitunza kweli, baba.” “Kwa mswaki, mwanangu! Breki nazo zilikuwa zinapiga kelele, nikazipaka mafuta. Sasa kimya.” Fundi akashika kichwa. “Mafuta kwenye breki, baba? Na zinashika?” “Nitajua leo, nikishuka nayo mlimani.”

Fundi alipofungua tu mdomo, treni ikapiga breki kwa mlio wa kutoboa masikio, ikasimama stesheni. Mzee akasonya, akaishusha baiskeli yake kifua mbele. “Umesikia, mwanangu? Treni nzima hii, hakuna hata mmoja wa kuipaka mafuta!”