Neno Lililomzika Ndugu Yangu

Ndugu zangu wa hapa Kalamba, mnivumilie. Kusimama mbele ya watu si kazi yangu, kazi yangu ni visima. Lakini kesho tunaanza kuchimba hiki cha kanisa, na kabla mtu hajashuka nataka mnisikie.

Miaka ya sabini nilichimba kule Tseikuru na ndugu yangu mdogo. Yeye chini, mimi juu kwenye kamba. Nyapara wetu alikuwa mkali, wacha tu! Siku moja ndugu yangu aliita kwamba udongo unamwagika ubavuni. Nyapara akamjibu, "Kama unaogopa, nenda ukapike na wanawake." Watu wakacheka sana.

Kutoka siku hiyo, nyapara akiinama kuuliza kuko aje huko chini, ndugu yangu alijibu tu, "Vai thina." Hakuna shida. Hata asubuhi ile alijibu hivyo. Tulikuwa bado tunavuta karai la kwanza ukuta ukaanguka. Tulimchimbua kwa mikono, ndugu zangu, lakini wapi. Mama aliniuliza mtoto wake alisema nini mwisho. Nilishindwa kumwambia, na alikufa bila kujua.

Nikaacha kazi. Nilikaa tu nyumbani, na mtu akisema vai thina, hata kwa salamu, natoka naenda zangu. Njaa ndiyo ilinirudisha, kwa nyapara mwingine huko Tulia. Huyu alikuwa na mambo yake! Kila asubuhi mtu ataje anachoogopa ndiyo ashuke, na yeye ndiye anaanza. "Mimi naogopa kuzika mtu," alisema.

Siku moja nikiwa chini nikasikia kokoto zinaanguka. Nikaita kwa sauti ya woga kabisa. Wakanivuta mbio. Nyapara akashuka mwenyewe, akakuta ni panya anachimba. Nikangoja wanicheke. Hakuna aliyecheka. Akaniambia, "Asante kwa kuita. Kesho uite tena." Nililia pale mbele ya wanaume wote, kwa sababu ndugu yangu hakuambiwa hivyo.

Namshukuru mzee yule na wenzangu wa Tulia, na Mungu aliyenifikisha kwao. Nyinyi wasimamizi, watu wenu wakiwaambia kila siku hakuna shida, shtukeni.

Kijana wangu ni mmoja wa watakaoshuka kesho. Nawaomba, akiita, mpandisheni kwanza, halafu ndiyo mumuulize. Na akinyamaza sana, mpandisheni pia.