Ngozi ya Ng'ombe Aliyeanguka

Nadine, kabla hujakaa, mfungue mtoto mgongoni. Usiniulize, mfungue kwanza. Hiyo mbeleko ya ngozi iweke chini pale kwenye kona, taratibu, usiikung'ute, kisha mkanawe kwa sabuni, wewe na yeye, umfunge kwa kanga yangu iliyo ndani ya mfuko. Na wewe Venanti, acha kumcheka dada yako, sijachanganyikiwa. Nionyeshe mikono. Pande zote. Hakuna kidonda? Hata cheusi, kisichouma? Haya. Sasa nisikilizeni wanangu, maana kifua kinabana na sitaweza kurudia.

Mnaijua ngozi niliyoinunua Gwarama kwa mzee Sylvesta. Aliihifadhi darini juu ya jiko miaka thelathini, ngozi ya ng'ombe wa kizamani wa pembe ndefu, imeiva kwa moshi na siagi mpaka imekuwa nyekundu. Rangi ile wateja wa kazi za mkono wanaitafuta na hatuwezi tena kuitengeneza, kwa sababu ng'ombe wenyewe wameisha. Nilipokuwa naifunga kwenye pikipiki, mzee akaniambia, "Mama, nisikufiche. Huyu hakuchinjwa. Alianguka zizini, damu ikamtoka puani." Nikamjibu, "Mzee, ugonjwa gani huo wa kukaa na moshi miaka thelathini? Ungekuwa umeshakohoa ukahama." Tukacheka wote. Lakini kwetu hata mtoto anajua kwamba ng'ombe aliyeanguka vile hachunwi, anafukiwa pamoja na ngozi yake. Bibi yenu alinifundisha hilo kabla hajanifundisha kushika msharasi wa kutobolea ngozi. Nilijua. Niliitamani rangi.

Nikaikwangua mwenyewe ikiwa kavu, kwa kuwa ukiilowesha kwanza rangi inafifia, na mlango niliufunga ili upepo usinisumbue. Vumbi lote nililivuta mimi.

Jana daktari alikaa hapo ulipo, akaniuliza, "Mama, umeshika mnyama aliyekufa mwenyewe, au ngozi yake?" Akanieleza kwamba ugonjwa wa kimeta hukaa kwenye ngozi kavu miaka mingi, moshi hauuondoi wala siagi. Nikamtazama usoni nikasema hapana, mimi nashona mikoba tu. Akilini nilimwona afisa mifugo akija na petroli, karakana inateketea, na Venanti amesimama nje mikono mitupu. Kwa hiyo nikasema uongo, nikageukia ukutani.

Alfajiri nikakumbuka kiraka.

Nadine, hiyo ingobyi uliyombebea mtoto ndiyo iliyonibeba mimi. Bibi yenu alivuka nayo mto Malagarasi mwaka sabini na mbili, akitokea Burundi, mimi nikiwa na miezi minne mgongoni, na hakuvuka na kitu kingine. Ulipojifungua niliona imechanika upande mmoja, nikakata kipande cha ngozi ya Gwarama, nikakishona kwa ndani, pale shavu la mtoto linapolala. Nilikishona vizuri mno, mshono hauonekani. Jumapili nikakukabidhi mbele ya watu, na Venanti akatoka nje akisema, "Kazi nafanya mimi, urithi anapewa anayejua kuzaa." Nilisikia, baba. Ulikuwa na haki ya kununa. Sasa hamna cha kugombania, itachomwa. Usilie, Nadine. Ni ngozi, na kilichovushwa nayo ni mimi.

Nimekupigia simu tangu alfajiri, hupatikani, watu wakasema uko njiani kutoka Kibondo. Kila gari lililosimama nje nimeogopa kwamba utaingia naye mgongoni, na halafu nikaogopa kwamba hutaingia. Sijawahi kuogopa hivi, hata siku baba yenu alipofariki. Nesi nimeshamwambia yote, hakuna nilichoficha, na amekwenda kumwita daktari. Amesema dawa ipo, na inasaidia ikiwahi. Mtoto amenyonya leo? Shavu lake liko sawa? Lile la kushoto. Mgeuze kwenye mwanga. Kipele hicho kilikuwepo jana? Usiniambie ni mbu ili nitulie. Mwonyeshe daktari, mwambie kimeanza lini, na usitoke hapa mpaka ameandikiwa dawa.

Venanti, karakana ya Kasulu ni yako, lakini usiingie mpaka afisa mifugo amefika. Nusu ya ngozi iko ndani ya pipa la bluu. Usiifungue, usiwaruhusu majirani waifungue. Visu vyangu, aproni, sindano za shazia, magunia, vyote aviangalie yeye, na akisema vichomwe, usibishane. Najua utaanza upya. Afadhali uanze. Msahafu wa babu yake mteja wetu Khatibu uko kwenye kabati la bati nyumbani, haukugusana na kitu. Alitaka jalada la rangi ile. Mwambie atapata la mbuzi wa machinjioni, aliyepimwa, na kwa nini. Atanung'unika, mwache anung'unike. Na mtu akikuletea ngozi ya kale, hata kama imemvika mtemi, muulize kwanza mnyama alikufaje, na akisita kujibu, mrudishie.

Mmoja wenu akapige simu Gwarama. Mzee Sylvesta ana wajukuu, na dari lile bado lina ngozi.

Nadine, shamba la Kumsenga ni lako. Mwaka huu mlishe kaka yako, mpaka karakana isimame. Venanti, ukila mahindi yake usimsemeshe kwa mafumbo.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Mungu awalinde pale ambapo mimi sikuwalinda. Awape kazi isiyowadhuru, na... na mtoto huyu akue, atambae, awasumbue. Nawaachia hilo, nimewasamehe yote, nanyi mkiweza... mkiweza, sio leo. Msinishike mkono. Kaeni hapo hapo, nawaona.

Msibani watasema nimerogwa. Watamtaja mtu, mnawajua. Msikubali. Semeni mama alikufa kwa ngozi. Venanti, wewe ndiye utakayesimama useme, una sauti. Sema... aliambiwa pale pale, ngozi ikiwa bado mikononi. Sema alijua.